Mjomba Alivyojipima kwa Mkanda wa Ng'ombe

Kuna siku moja ambayo nikiikumbuka naanza kucheka peke yangu, na mwalimu wa Kemia ameshanitoa nje ya darasa kwa sababu yake. Ilitokea nilipokuwa kijana. Yaani mwaka jana, likizo ya Aprili.

Usinicheke, mwanangu. Wewe uko kidato cha kwanza, sanduku lako bado linanuka rangi, na juzi tu ulikuwa unamlilia mama yako pale getini. Mimi niko cha nne. Nimekula maharagwe ya shule hii mpaka tukafahamiana kwa majina. Ndevu zangu zinahesabika, nakubali, lakini zipo. Kwa hivyo nikikuita mwanangu, itika. Wazee wetu wa kweli kule Bungoma wanajua kushauri juu ya shamba, na ng'ombe, na jinsi ya kumwamkia mama mkwe, lakini ukigusa habari za chini ya mshipi, kikao kizima kinaanza kukohoa. Basi leo kikao ni changu. Kaa chini.

Mjomba wangu Wafula, ndugu yake mama, anafanya kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Endebess. Ni mtu mzima wa miaka ishirini na saba, mpana, mwenye kicheko cha kufukuza ndege. Ng'ombe akigoma kukamuliwa na kila mtu, anaitwa Wafula, na Wafula akimwekea tu mkono mgongoni, maziwa yanashuka. Mwaka huo alikuwa amemchumbia Nekesa, dada mmoja fundi wa nguo pale Myanga. Mahari ilishazungumzwa, kanisa lilishaambiwa, harusi ilikuwa Agosti. Mama akanituma Endebess nikamsaidie Mjomba kazi likizoni, na pia nimpelekee suti ya marehemu babu ajaribu kama itamtosha.

Nilimkuta kwenye banda la kukamulia, mchana, ng'ombe wote wako malishoni. Amevua shati. Amejizungushia kifuani ule mkanda wa kupimia uzito wa ng'ombe.

Labda nyumbani kwenu mnafuga kuku tu, kwa hivyo nikueleze. Mizani ya kumbeba ng'ombe mzima ni wachache walio nayo. Wenye ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi, wanatumia mkanda. Unauzungusha kifuani mwa mnyama, nyuma ya miguu ya mbele, na pale unapokutana pameandikwa kilo zake. Ukishajua kilo, unajua umdunge dawa kiasi gani. Ni kitu cha maana sana. Lakini kwa ng'ombe, mwanangu. Kwa ng'ombe.

"Mjomba," nikasema, "unajiuza?"

Aliruka nusura aangukie ndoo. "Wewe umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi. Kilo ni bei gani?"

Hakucheka. Hapo ndipo nilipojua kuna shida, kwa sababu Mjomba hucheka hata akikanyagwa na fahali. Akanigeuzia mgongo, mkanda ukining'inia kama mkia uliokosea mahali. "Hebu nisomee. Mimi sioni vizuri. Ni ngapi hapo?"

Nikasoma. "Kwa mkanda huu wewe ni ndama. Ndama mzuri lakini, bana. Ningekununua."

"Jumapili iliyopita nilikuwa ndama mkubwa kuliko huyo," akasema. "Ninaisha, mpwa wangu. Ninaisha hivi hivi nikijiona."

Akakaa juu ya mtungi wa maziwa, na alipokaa nikaona anakaa upande mmoja, paja la kulia amelinyoosha kama limetengenezwa kwa mbao. Nikauliza mguu una nini. Akasema amepigwa teke na ng'ombe. Nikauliza ng'ombe yupi. Akasema sijui nani. Sasa Mjomba Wafula anajua ng'ombe wote wa lile shamba kwa majina, na mama zao, na tabia za nyanya zao. Mtu kama huyo hapigwi teke na ng'ombe asiyemjua. Nikamtazama tu. Na mimi nina macho ambayo hata mama anasema yanamfanya mtu atubu.

Basi akaniambia.

Mwezi uliotangulia alikuwa ametumwa Kitale mjini kupeleka madume kwenye mnada. Wakauzika vizuri, tajiri akafurahi, akampa ya chai, na Mjomba akaipeleka ile chai mahali ambapo haiuzwi chai. Huko akakutana na Rispa, mwanamke wa rika lake anayeuza mitumba sokoni. Wakaongea, wakacheka, wakasahau wana nyumba tofauti. Mengine si ya kuandikwa, mwanangu, na wewe una mtihani wa Bayolojia, utayakuta huko.

Siku chache baadaye Mjomba akienda haja ndogo, anaona nyota mchana. Ni kama kuna mtu ameweka pilipili kwenye bomba. Na kuna uchafu ambao si wa kawaida. Sasa mtu mwenye akili angefanya nini? Mjomba akafungua kabati la dawa za ng'ombe. Akatoa penisilini, ile ya ng'ombe akivimba kiwele. Akajipima kwa mkanda, akaona ameangukia kwenye ndama, akajipigia hesabu ya ndama, akachukua ile sindano yenye ncha kama msumari wa paa, akajidunga kwenye paja. Peke yake. Nyuma ya mapipa ya molasi ya kulishia ng'ombe.

"Na ikakusaidia?" nikauliza.

"Maumivu yalipungua. Halafu yamerudi. Na paja ndilo hili." Akatazama chini. "Lakini hayo si kitu. Kisonono si kitu. Ni huu mwingine. Huu wa redio."

Hakuutaja. Siku hizo, na hata sasa, watu wengi hawautaji. Wanasema huu wa kisasa, huu wa kukondesha. Redio ikianza kutangaza ukimwi, kuna wazee wanaoizima kama kwamba unaingia kupitia spika. Mjomba alikuwa amesikia kwamba ukiwa nao unaisha mwili. Kwa hivyo kila Jumapili, wenzake wakiwa kanisani, yeye anajifunga mkanda wa ng'ombe kuangalia kama ameisha. Na kwa sababu ya wasiwasi hali chakula. Na kwa sababu hali, mkanda unamwonyesha amepungua. Na akiona amepungua, hata uji haupiti. Nakwambia ule ulikuwa mtego aliojitegea mwenyewe, akaingia mwenyewe, akaanza kulia mwenyewe ndani.

Kisha akatoa sindano mfukoni. Ile ile.

"Mimi nilijidunga vibaya," akasema. "Nidunge wewe. Safari hii tuweke ya ng'ombe mzima."

Mwanangu, mimi ni mtu wa mzaha. Nimewahi kumtilia mwalimu wa zamu chumvi kwenye chai, na sijutii. Lakini nilipoitazama ile sindano mzaha wote ukanitoka. Nikaona huyu mtu atakufa, na si kwa ukimwi, atakufa kwa aibu na dawa ya kiwele.

"Sikudungi," nikasema.

"Mimi ni mjomba wako."

"Ndiyo maana. Ungekuwa jirani ningekudunga."

Akakasirika, akaniambia nimekosa adabu, mji umeniharibu. Mji gani, na shule yetu iko katikati ya mahindi? Nikamwambia, "Mjomba, ng'ombe akikataa majani asubuhi, saa nne daktari wa mifugo yuko hapa na gambuti zake. Unampigia simu kutoka ofisini, unampashia maji moto, unamweleza kila kitu, hata rangi ya kinyesi. Wewe unaumwa mwezi mzima umejificha nyuma ya molasi. Kwani ng'ombe anakushinda nini?"

Akasonya. Lakini sindano aliirudisha mfukoni, na mimi usiku nikaihamishia mahali ambapo mpaka leo haijaonekana.

Siku ya tatu yake, tukiwa tunapanga magunia ya pumba kwenye ghala, dereva wa lori la maziwa akapiga kelele kutoka getini, "Wafula! Yule dada wa Kitale amekuja mwenyewe!" Nilipogeuka, Mjomba hayupo. Mtu mpana vile, amepotea kama moshi. Nikaona tu magunia ya nyuma yanatikisika.

Nikaenda getini mimi. Rispa alikuwa amesimama na kiondo chake, viatu vimejaa vumbi la Endebess, uso wa mtu ambaye ameamka mapema kwa shughuli moja.

"Wewe ni nani wake?"

"Mpwa wake, dada. Hayuko. Ameenda kwenye dipu ya dawa ya kupe."

"Ameenda dipu kuoga na ng'ombe?"

"Ameenda... kuosha..."

"Kijana, wacha. Uongo wako haujaiva." Akatua kiondo. "Nimetuma salamu kwa dereva mpaka dereva amechoka. Anadhani nataka anioe. Mwambie simtaki. Mwanamume wa kujificha kwenye pumba nitampeleka wapi, kwa mama?" Nikashangaa amejuaje. Baadaye nikaona pumba zimemwagika kutoka mlangoni mwa ghala mpaka ndani, kama njia ya siafu. Akapandisha sauti, akiongea nami lakini akilitazama ghala. "Mimi niliona sijisikii vizuri nikaenda kliniki. Ni kisonono. Nimetibiwa, nimepona. Daktari akaniuliza, na mwenzako? Nikasema nitamwambia hata kama ni kwa kipaza sauti. Sijui ni nani alimpa mwenzake, na sikuja kwa kesi. Damu nimepima pia, nitapima tena. Yeye aende akapime yake. Nimemaliza."

Akabeba kiondo chake akaondoka. Hakudai kitu, hakutukana mtu. Nilimtazama mpaka akaishia kwenye kona, na nikaona aibu kwa niaba ya ukoo mzima. Mjomba alikuwa ameutumia mwezi kumkimbia mtu pekee aliyekuwa akihangaika ili apone.

Alitoka ghalani mweupe kuanzia nywele mpaka kope. Ningecheka, lakini alikuwa analia na machozi yanachora mistari kwenye pumba.

"Umesikia?" nikauliza.

"Nimesikia."

"Basi twende hospitali kesho."

"Siwezi kukaa kwenye lile benchi."

Hapo sasa ndipo palikuwa penyewe. Pale hospitali ya mjini kila ugonjwa una benchi lake, na benchi la mlango wa mwisho kila mtu anajua ni la nini. Ukikaa pale huna haja ya kujieleza. Mtu wa Endebess akikuona asubuhi, jioni Ndalu wanajua, na kesho yake Myanga wanaongezea chumvi. Nekesa angesikia kwa wauza nyanya kabla hajasikia kwa mchumba wake. Mjomba alikuwa tayari kufa na jina zuri.

Nikafikiri, na nikifikiri sana huwa najikuna sikio. Kisha nikamwuliza, "Bakoki wako wako wapi?"

Labda wewe si mtu wa kwetu, kwa hivyo sikiliza. Kwetu tunatahiriwa kwa msimu, mwezi wa Agosti, kila baada ya mwaka mmoja. Wale mliokatwa msimu mmoja mnaitana bakoki, na hilo halifutiki mpaka mfe. Bakoki wako anaweza kukutukana mbele ya watoto wako na usikasirike. Anaweza kuingia jikoni kwako akafunua sufuria. Kwake huna siri ya mwili, kwa sababu alikuona uchi umepakwa matope siku mlipokuwa mnaogopa kitu kimoja. Mjomba ni wa msimu wa mwaka wa themanini. Pale shambani na mashamba ya jirani wako watano pamoja naye, na mkubwa wa maneno ni Simiyu, dereva wa trekta.

Ng'ombe mmoja akapiga kelele kule nje, Mjomba akainua kichwa kwa mazoea, kisha akakishusha.

"Niitie Simiyu," akasema.

Mwanangu, weka alama hapo. Siku hiyo mimi sikumwambia mtu siri yake, wala Simiyu hakuibahatisha. Aliisema mwenyewe, kwa mdomo wake, akiwa amekaa juu ya gunia. Kwangu mimi vita tulivishinda pale, mengine yote yalikuwa ni kusherehekea.

Simiyu alimsikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi. Nikadhani atamhurumia. Akasema, "Yaani ulijidunga dawa ya kiwele."

"Ndiyo."

"Una kiwele?"

"Simiyu, bana..."

"Nauliza tu. Si tukukamue?" Halafu akacheka mpaka akashika ukuta, na ajabu ni kwamba Mjomba pia akaanza kucheka, kwanza kidogo kama injini ya asubuhi, kisha kile kicheko chake cha kufukuza ndege. Sikuwa nimekisikia tangu nifike. Simiyu akafuta macho, akavaa kofia, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Jumatatu tunaenda wote. Wote watano. Tutakaa kwenye hilo benchi, tuone ni nani atajua ni yupi."

Na kweli Jumatatu wakaenda, nami nyuma yao. Wanaume watano wenye mabega, wamenyoa, wamevaa mashati ya kanisani, wamejipanga kwenye lile benchi mpaka limelia. Waliopita wote walisimama. Akapita mama mmoja jirani wa shamba, anayejua habari za kila nyumba kuliko wenye nyumba. Akamtazama Mjomba, akamtazama Simiyu, akawahesabu, hesabu ikamkataa.

"Kwani ni nyinyi wote?" akauliza.

"Wote, mama," Simiyu akajibu, akikaa chonjo kama askari. "Sisi ni wa msimu mmoja. Akidungwa mmoja, tunadungwa wote. Kuna nafasi hapa, ungependa kukaa?"

Alikwenda kwa haraka ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mwenye magoti yale. Na angesema nini huko alikoenda? Angemtaja nani?

Mjomba alipoitwa, akaling'ang'ania benchi kwa mikono miwili. Mtu huyu alisimama mbele ya kisu akiwa kijana, watu wamemzunguka, hakupepesa jicho. Leo anaogopa pazia la kijani. Ndipo mmoja wao akaanza kuunguruma taratibu, midomo imefungwa, ule wimbo wa kumtoa kijana mtoni asubuhi ya kukatwa. Wa pili akaudaka. Kwetu huwezi kuusikia ule wimbo ukarudi nyuma, mwili wenyewe unakataa. Mjomba akainuka. Akanyoosha shingo. Akaingia kule ndani akiwa amesimama wima, macho mbele, ngumi kiunoni, tayari kwa lolote.

Tukamsikia daktari, mama mmoja mpole wa sauti, akisema, "Kaa kwenye kiti tafadhali. Hapa hakuna anayetahiriwa."

Korido nzima ikacheka. Mimi nikalala sakafuni.

Alipewa dawa ya kisonono, ya watu safari hii, na alipoeleza habari za penisilini ya ng'ombe daktari aliweka kalamu chini. Akamwambia ile dozi ya kukisia iliulaza ugonjwa tu, haikuuondoa, na kwamba kuna watu ambao penisilini inawakataa, wanavimba koo na kufa dakika hiyo hiyo, na nyuma ya molasi nani angemwona? Akamtoa damu. Akamweleza kwamba kupima ukimwi mapema sana kunaweza kudanganya, arudi tena miezi mitatu itakapokwisha tangu siku ile ya mnada, na mpaka hapo asiguse mtu. Kuhusu kukonda, akamwuliza, "Unakula?" Mjomba akasema hapana. "Basi umekonda kwa sababu huli," akasema. "Nenda ukale."

Kumbe furaha ilikuwa bado. Wale wanne walikuwa wamekuja kuziba macho ya watu tu, lakini daktari alipowaona wamekaa akawaambia kama mmekuja mmekuja, nao wakapima. Mchana Simiyu akatoka kule ndani amebeba kofia kifuani kama mtu aliyetoka mazishini. Alikuwa na kaswende. Hakuwa na kidonda, hakuwa na maumivu, hakuwa na habari. Angekaa nayo miaka ikimla polepole.

"Nilikuja kumsindikiza bwana harusi," akasema, "kumbe bwana harusi ni mimi."

"Una kiwele?" Mjomba akamwuliza.

Nilikwambia bakoki hawana siri. Simiyu alitibiwa, na mkewe pia akatibiwa. Mkewe alimrushia mwiko, lakini akatibiwa.

Majibu ya kwanza ya damu ya Mjomba yalipotoka yalikuwa mazuri. Ila ilibaki ile ya pili, na ilibaki Nekesa. Nilidhani atangoja mpaka mambo yote yawe safi ndipo amwambie, au asimwambie kabisa, kwani nani angejua? Lakini nafikiri mtu akishasema jambo mara moja kwa mdomo wake, mara ya pili mdomo unajua njia. Kabla sijarudi shule tulikwenda Myanga.

Nekesa alikuwa kwenye baraza ya duka, anashona sare za shule, mguu unakanyaga mashine. Mimi nikakaa kando nikijifanya nahesabu vifungo. Mjomba akaanza kuongea kwa sauti ya chini. Mashine ikaendelea. Akafika kwenye mnada, mashine ikaendelea. Akafika kwa Rispa, na mashine ikasimama.

"Endelea," Nekesa akasema.

Akaendelea mpaka mwisho. Hata mkanda aliutaja. Nekesa hakucheka. Alikuwa akiitazama sare iliyokuwa mkononi kana kwamba hajui ni ya mtoto gani.

"Mbona umeniambia?"

"Kwa sababu ni mwili wako pia."

"Na usingekuja, ningejua lini?" Wafula akaanza kulia. "Usilie," akamwambia. "Kama ni kulia, zamu ni yangu." Na akalia kweli, kidogo, kisha akajifuta kwa kipande cha kitambaa cha sare, akakitupa. "Harusi si Agosti. Ni Desemba. Agosti tutapima, mimi na wewe, tukae benchi moja. Sipimi kwa sababu yako tu, usijipe cheo. Mimi ni mtu mzima, nina damu yangu na nataka kuijua. Majibu yakitoka ndipo nitasema kama nakutaka. Sasa hivi sikutaki. Na siku ukitumwa mnadani tena, uza ng'ombe, usijiuze wewe."

Kwa baba yake alisema anataka Desemba kwa sababu mahindi yatakuwa yamevunwa na watu watakula vizuri. Mzee akamsifu kwa busara. Hajui mpaka leo.

Agosti nilikuwa likizo. Siku ya majibu mimi na Simiyu tulikaa kwenye nyasi nje ya hospitali, Simiyu akang'oa nyasi zote zilizomzunguka mpaka akabaki amekaa kwenye udongo. Hatukuweza hata kutukanana. Wale wawili walikuwa wametoa damu siku kadhaa kabla, na leo walikuwa wameitwa wachukue majibu, ndani wakakaa sana. Nilimwomba Mungu kwa Kiswahili, kwa Kibukusu na kwa Kiingereza, iwapo anakipendelea.

Mlango ukafunguka. Wakatoka, hawajashikana mikono, Nekesa mbele. Sikuweza kusoma uso wake. Nikautazama wa Mjomba, nao ulikuwa umelowa wote. Simiyu akaninong'oneza, "Kwisha." Tukasimama.

Nekesa akatufikia. Akatutazama, mimi na Simiyu na ule upara wa udongo.

"Simiyu," akasema, "trekta yako inaweza kuvuta tela la kubeba wageni Desemba, au nitafute mwingine?"

Simiyu alipiga yowe lililomleta mlinzi mbio. Mjomba alipiga magoti palepale kwenye changarawe, akacheka, na ndege wote wa ile hospitali wakaruka kutoka kwenye paa. Mimi nikakimbia, sijui nakwenda wapi, nikazunguka hospitali nzima nikarudi. Wote wawili walikuwa salama. Na Desemba, mwanangu, nilikula nyama mpaka nikasahau masomo yote ya muhula wa tatu.

Sasa sikia nasaha, maana nimekulisha hadithi bure. Ukiwa shuleni, ngoja. Haraka hiyo inakupeleka wapi na hujalipa hata karo? Ukishakuwa mtu mzima ukashindwa kungoja, mpira upo, yaani kondomu, utumie na usione haya kuununua. Na siku ikikutokea jambo likakutia wasiwasi, liwe lako au la rafiki yako, usikae ukijikagua na kujiuliza na kujikondesha. Nenda kwa daktari wa watu, mapema, umweleze vyote bila kuficha hata rangi. Usinywe dawa ya rafiki, usimalize kopo la jirani, usikaribie kabati la ng'ombe. Ukitibiwa, mwambie mwenzako naye atibiwe, kama Rispa alivyofanya, kwa maana mpaka leo katika watu wote wa kisa hiki yeye ndiye ninayemvulia kofia. Ambaye mnataka kuishi pamoja, asikie kwako kabla ya kusikia sokoni. Na ukimwona mwenzako amekaa kwenye benchi la mlango wa mwisho, usimpite ukicheka. Kaa naye. Benchi likijaa, aibu haina mahali pa kukaa.

Nenda basi. Mungu akupe mwili wenye afya na mdomo wa kusema unapouma. Akupe wenzako wa kukutukana na kukusindikiza siku hiyo hiyo. Uzeeke mpaka ndevu zako zinishinde, na wajukuu wako wakuulize maswali ya chini ya mshipi, nawe usikohoe.